Kutoka utafiti wa korosho kwenda sera na maadili ya sayansi

Mwalimu, umeuliza kama mhadhiri wa kilimo aliyeko Mtwara anaweza kuhamia sera na maadili ya sayansi bila kuanza digrii upya. Anaweza, ila usiache korosho. Ndiyo mtaji wako. Shika swali moja, mfano salfa, dawa ya unga inayopuliziwa mikorosho dhidi ya ubwiriunga (ugonjwa wa ukungu): nani anavuta vumbi lake, na nani aliulizwa?

Kisha omba nafasi kwenye kamati ya maadili ya utafiti. Kasoro moja utakutana nayo sana: mtendaji wa kijiji ndiye aliyewaita wakulima, kwa hiyo hakuna anayethubutu kukataa. Fomu ina saini zote, ridhaa haipo. Dai fomu hiyo isomwe kwa Kiswahili, mtendaji akiwa hayupo, na itaje wazi haki ya kujitoa katikati.

Utafiti unaogusa afya za watu upeleke NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, ukaguliwe maadili. Mshirika wako wa utafiti akiwa mgeni kutoka nchi nyingine, kibali cha COSTECH, Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, nacho kinahitajika. Ukipata matokeo, andika andiko la sera, yaani muhtasari wa ushauri kwa wanaoamua; lisizidi kurasa 2, pendekezo likae juu kabisa. Lifikishe halmashauri miezi kadhaa kabla ya Julai 1, mwaka wa fedha unapoanza. Makala ya jarida, kusema kweli, diwani hasomi.