Kwa nini triga ya kwanza ya CMS haitumii GPU
Umeuliza kwa nini CMS, jaribio la fizikia ya chembe huko CERN, wasiweke tu GPU (chipu zinazofanya hesabu nyingi kwa pamoja) kwenye triga ya kwanza, yaani mfumo unaochuja matukio ya migongano papo hapo. Muda hautoshi. Pale LHC, mashine ya CERN ya kugonganisha chembe, mafungu ya protoni hukutana kila nanosekunde 25, na triga ina takriban mikrosekunde 4 kuamua tukio lipi libaki. Yanayopita ni kama 100,000 kwa sekunde. GPU wanazo tangu 2022, ila kwenye ngazi ya pili, ambako kuna mamia ya milisekunde.

Ngazi ya kwanza ni ya FPGA, chipu ambazo sakiti zake unaweza kuzipanga upya. Ili kuzitumia, fundisha mtandao mdogo wa neva, tabaka 3 hivi, ukitumia namba za biti 6 hadi 8 tangu wakati wa mafunzo (ukizipunguza baadaye usahihi unashuka zaidi), kisha programu ya hls4ml iugeuze kuwa sakiti. Kinachowaponza wengi ni biti za sehemu nzima ya namba (iliyo kabla ya nukta): zikiwa chache jumla inafurika, thamani kubwa chanya inageuka hasi, na tukio zuri linatupwa kimyakimya. Kwa hiyo linganisha matokeo ya sakiti na ya Keras (programu ya kufundishia mtandao), hasa kwa nishati kubwa. Vizidishi (sehemu za chipu zinazozidisha namba) vikikuishia, kila kimoja kifanye hesabu kadhaa kwa zamu, ingawa utalipia kwa muda.