Walii asiye na mke

Swali lenu la juma hili lauliza ni jambo gani la utu uzima lililotukuta baada ya miaka 30, nasi hatujui pa kuanzia. Nilidhani nitaandika juu ya ushuru, au mgongo unaoniuma nikilala vibaya. Lakini hayo yana watu wa kuyauliza. Langu lilikuwa kumwoza dada yangu.

Nina miaka 34, ni fundi wa mashine za boti hapa Lamu, mtaa wa Langoni, na sijaoa. Baba alifariki mwaka juzi. Babu alitangulia zamani. Kwa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo yetu pwani hii, walii wa mwanamke, yaani mwenye haki ya kumwoza, ni baba, kisha babu mzaa baba, kisha kaka wa baba na mama mmoja. Chuoni, yaani madrasa, tuliikariri safu hiyo kwa kuimba. Sikuwahi kufikiri kwamba mna zamu yangu.

Posa ilikuja baada ya Isha. Wazee watatu, watu ambao nimewaamkia tangu natembea pekupeku. Nikawapa shikamoo, wakaitika marahaba, halafu mmoja akanionyesha kiti cha marehemu: "Ndoo uketi huku juu, bwana." Nilikuwa nimevaa kanzu ya baba, nayo ni ndefu; nikaikanyaga, nikafika kitini kwa kujikwaa. Wakasema maneno yao mazuri ya kutafuta ukoo. Kisha kimya. Nikawa najiuliza mbona hakuna anayejibu, mpaka mama akakohoa nyuma ya pazia.

Mchumba mwenyewe ana miaka 36 na alikuwa nahodha wa timu yetu ya mtaa. Yeye ndiye aliyekuwa akiamua nicheze wapi, na aghalabu nilicheza benchi. Sasa ikanipasa nizunguke kuuliza habari zake: anaswali? ana madeni? Baraza ya kwanza tu niliyosimama, aliyenijibu alikuwa ami yake. Katika vichochoro hivi vyetu, ambamo punda wawili wenye mizigo hupishana kwa taabu, hakuna upelelezi wa siri. Kabla ya Alasiri alikwisha kunitumia ujumbe: "Uliza vizuri, na ile penalti ya Matondoni usiisahau."

Gumu hasa lilikuwa kumuuliza dada. Ana miaka 27, ni mwalimu, kila asubuhi huvuka kwa boti kwenda Mokowe. Mazungumzo yetu ni tokeni za umeme na nani amemaliza maziwa. Nikamkuta jikoni amekalia mbuzi, anakuna nazi.

"Nimekuja kukuuliza."

"Uliza basi."

"Huyu bwana... wamridhia?"

Akanyamaza. Nimesoma kwamba kimya cha mwanamwali ni ridhaa, lakini huyu sijapata kumwona kimya hata siku moja, nikadhani anaumwa. Nikarudia swali.

"Namtaka. Nipe hicho kifumbu."

Siku ya nikahi sheikh aliniuliza kama nitaoza mwenyewe au nitampa uwakala. Wengi humpa sheikh, wala si aibu. Mdomo wangu ukatangulia: "Mwenyewe." Nikaushika mkono wa nahodha mbele ya msikiti mzima, viganja vimelowa, sijui cha nani zaidi. Nikatamka sawasawa mpaka nikafika kwenye mahari, hesabu ikanitoka. Dada alinitajia mara tatu, maana mahari ni haki yake. Aliyeninong'oneza ni bwana harusi mwenyewe. Mashahidi wawili walisikia, na mmoja wao bado huisimulia barazani.

Ya serikali yalikuwa mepesi: Sheria ya Ndoa ya 2014 yataka ndoa isajiliwe, karatasi zikajazwa, nikatia saini.

Aibu niliizoea upesi. Ambalo sijalizoea ni kwamba kila nilipokwama, mtu ambaye ningemwendea kumuuliza ndiye aliyeniachia kazi yenyewe.

Kahawa ilipokuwa ikizunguka, mzee mmoja wa ile posa akanigusa goti. "Nawe, bwana walii, wangoja nini?" Nikamjazia kikombe.

Jana jirani alibisha hodi. Ana posa Shela Jumamosi, ataka mtu mzima anayejua kusema. Leo nimeipeleka kanzu ya baba kwa fundi aipunguze.