Sampuli za waridi la jangwani zikioza ndani ya presi

Ndugu, nimeelewa kwamba matawi uliyokusanya nje ya Dodoma kwa ajili ya hebaria (hifadhi ya mimea iliyokaushwa) ya chuo yamepukutisha majani na kuota ukungu ndani ya wiki moja katika presi, yaani mbao za kubania mimea kati ya magazeti ili ikauke. Usijilaumu sana. Waridi la jangwani, Adenium obesum, si waridi la kweli bali ni la familia ya Apocynaceae, na kwa kuwa shina lake hutunza maji, huendelea kuishi katikati ya magazeti.

Mimi hulipasua shina kwa urefu, nikakwangua nyama ya ndani hadi libaki ganda jembamba, kisha nikalichovya katika maji yanayochemka kwa sekunde chache ili life. Maua siyachovyi, huyatandaza peke yake, moja likiwa limepasuliwa ili sehemu za ndani zionekane. Magazeti huyabadilisha kila siku, hata yakionekana makavu. Rangi iandike papo hapo porini, kwa sababu ile pinki iliyokolea ukingoni mwa petali hufifia. Mmea huu mara nyingi huchanua ukiwa hauna majani, hivyo uwekee alama na uurudie mvua zikinyesha.

Tafadhali vaa glavu, kwani utomvu wake una sumu inayodhuru moyo, ndiyo ile ambayo Wahadzabe huitumia kwenye mishale. Ukiingia jichoni, osha kwa maji mengi na uende hospitali bila kusubiri. Sampuli zenye ukungu zitenge leo, kabla hazijaambukiza nyingine.