Wastani Peke Yake Haushitaki Mtu

*Mwalimu, darasani tumepewa data za makarani 93 wa benki ya Harris, Chicago, walioajiriwa kati ya 1969 na 1977. Wanaume 32 walianza kwa wastani wa dola 5,957 kwa mwaka, wanawake 61 kwa dola 5,139. Huo si ubaguzi tayari?*

Hizo dola 818 ni dalili. Wakili wa benki atauliza: kama wanaume walisoma zaidi, je? Ndiyo maana tunaandika mlinganyo: upande mmoja logi (logarithimu asilia) ya mshahara, upande wa pili miaka ya shule, miezi ya uzoefu na jinsia (mwanamke 1, mwanaume 0). Kizidishi cha jinsia kinaonyesha pengo linalobaki kati ya makarani wenye shule na uzoefu sawa. Kwa makarani hao, pengo halifutiki.

*Kizidishi changu cha jinsia ni -0.20. Niandike asilimia 20?*

Andika 18. Kwa kuwa mshahara uko kwenye logi, pandisha e (namba 2.718 hivi) kwa kipeo cha -0.20, utapata 0.819, kisha toa 1: -0.181, yaani pungufu ya asilimia 18. Kingekuwa -0.03 nisingekusumbua, maana kwa namba ndogo hivyo majibu mawili hukaribiana.

*Nilipoingiza daraja la kazi, athari ya jinsia ikatoweka. Msimamizi wangu kafurahi, anasema hakuna ubaguzi.*

Mwambie asubiri kidogo. Hebu chukua wahitimu wawili wenye shahada ileile, wamefika kwenye usaili siku moja. Binti anaambiwa "wewe una sauti nzuri", anapelekwa mapokezi. Kijana anapewa dawati la mikopo. Ukilinganisha mpokea wageni na mpokea wageni, ofisa mikopo na ofisa mikopo, mishahara inalingana kabisa. Upendeleo ulishafanyika mlangoni, nawe umeuingiza kwenye modeli (mlinganyo wako) kana kwamba ni sifa aliyokuja nayo binti. Shule alikuja nayo. Daraja amepewa na mwajiri. Onyesha matokeo yote mawili, lenye daraja na lisilo nalo, halafu tengeneza modeli nyingine inayouliza nani hupangiwa wapi. Binafsi, hiyo ya mwisho ndiyo ningeisoma kwanza.

*Nina data za watu 40. Nitajuaje kama shule inawalipa wanaume zaidi kuliko wanawake?*

Zidisha jinsia kwa miaka ya shule, uingize zao hilo kwenye mlinganyo uleule. Njia ya wanauchumi Oaxaca na Blinder, ya 1973, hukadiria milinganyo miwili, wa wanaume na wa wanawake, lakini kwa watu 40 ulionao utabaki na visampuli visivyosema kitu. Ongeza watu kwanza.