Barua kwa mwanangu: Xhaka alipovuliwa kitambaa

Mwanangu,

Sisi huku hatujambo. Mama yako bado analalamikia goti, ila sokoni anakwenda na kurudi kwa miguu, kwa hiyo usimhofie.

Swali lako ni zito. Umevuliwa usimamizi wa kitengo kikaoni, wenzako wote wakitazama, na sasa hujui uandike barua ya kuacha kazi au ubaki uendelee kukutana na macho yao kila asubuhi. Ukaniomba nisikujibu kwa methali. Haya, nitakujibu kwa Granit Xhaka, aliyekuwa kiungo wa Arsenal yetu, maana ulikuwa ukinicheka kwa ajili yake pale kibanda umiza, watu wote wanamtukana na mimi nimekaa kimya na jezi yangu.

Ile Jumapili ya tarehe 27 Oktoba 2019 najua unaikumbuka. Arsenal na Crystal Palace, pale Emirates, uwanja wetu. Tuliongoza mbili bila, wakarudisha zote, na dakika ya 61 kibao kikanyanyuliwa kwamba nahodha atoke. Kocha Unai Emery alikuwa amemtangaza kuwa nahodha mwezi mmoja tu nyuma. Timu inatafuta bao la ushindi, naye anatoka anatembea. Uwanja ukamzomea. Akarusha mikono kama anayewaambia ongezeni, akaweka kiganja sikioni, akavua jezi na kushika njia ya vyumbani. Siku chache baadaye kitambaa cha unahodha kikawa cha mshambuliaji wetu Aubameyang.

Ulidhani nimenyamaza kwa sababu ya ushabiki. Sivyo. Wiki ile ile Xhaka alitoa taarifa akaeleza aliyokuwa akiandikiwa mitandaoni: kwamba watamvunja miguu, watamuua mkewe, na kuna aliyemwombea saratani binti yake, ambaye alikuwa bado mchanga. Mimi nina binti. Nilipokwisha kuyasoma hayo sikuona tena namna ya kukaa kwenye benchi lile nikachangia hata neno moja.

Lakini usidhani namtetea kwa kila kitu. Katika miaka yake saba Arsenal alilambwa kadi nyekundu tano, na ile ya Desemba 2020, alipomkaba shingo mchezaji wa Burnley, ilinifanya nizime redio. Tulifungwa moja bila nyumbani kwetu. Mwendo hakuwa nao, na akibanwa na watu wawili alikuwa anachelewa kuachia mpira. Kuna jambo moja tu ambalo wapiga kelele wa kibandani hawakulipima. Kiungo wa chini akikosea, nyuma yake wamebaki mabeki na kipa basi, kosa lake linaonekana na uwanja mzima. Winga anapoteza mpira mara kumi na hakuna anayekumbuka. Nadhani hata wewe ofisini ulikuwa umekaa mahali pa namna hiyo, kila faili likipita kwako, na lililokwama likahesabiwa lako.

Kiburi chake kina asili pia. Baba yake, Ragip, alifungwa zaidi ya miaka mitatu huko Yugoslavia kwa sababu ya kuandamana dhidi ya serikali. Alipotoka akahamia Uswisi na mkewe, na watoto wakazaliwa Basel: Taulant mwaka 1991, Granit Septemba 1992. Wote wawili walilelewa kisoka FC Basel. Taulant akachagua kuichezea Albania, mdogo wake akabaki na Uswisi, na kwenye Euro 2016 wakakutana uso kwa uso mjini Lens. Mama yao alikaa jukwaani na fulana yenye bendera zote mbili. Uswisi ikashinda moja bila. Mtu aliyekulia nyumba kama ile hazomewi akainamisha kichwa, hata pale ambapo kuinamisha kungemsaidia.

Sasa njoo kwenye swali lako. Desemba ile ile Mikel Arteta akaja kuwa kocha, akamkuta Xhaka ameshakata shauri. Mwenyewe alikuja kusimulia baadaye kwamba mizigo ilikuwa imefungwa na mkataba wa klabu nyingine ulikuwa mezani, ukisubiri saini yake tu. Hertha Berlin ndio waliokuwa wakimtaka. Arteta akamkalisha chini, akamwambia anamhitaji na ana kazi gani ya kumpa. Akabaki. Agosti 2020 alianza fainali ya Kombe la FA, Arsenal ikiifunga Chelsea mbili kwa moja, Wembley ikiwa tupu kwa sababu ya korona. Kuna siku alipangwa hata beki wa kushoto. Msimu wa 2022/23 wakamsogeza mbele zaidi, na yule tuliyezoea kumwona akipiga pasi za pembeni akafunga mabao saba ya ligi, mawili kati yake siku ya kuaga, dhidi ya Wolves, tulipowapiga tano. Mashabiki wa uwanja ule ule waliimba jina lake.

Watu wengi wakisimulia habari hii husifia uvumilivu. Mimi naona wanaruka mambo mawili. Kwanza, kocha aliyekuwepo siku ya aibu alifukuzwa kabla Novemba haijaisha. Emery angebaki, sidhani kama Xhaka angebaki. Pili, alikuwa na mkataba mwingine mkononi. Alikaa kwenye kile kiti mbele ya Arteta akijua mlango uko wazi, na mtu wa namna hiyo husikiliza kwa utulivu kuliko asiye na pa kwenda.

Alipoondoka, Julai 2023, aliondoka kwa wakati wake. Wapo waliosema anakwenda Bayer Leverkusen kuzeekea. Klabu ile ilianzishwa mwaka 1904 na haikuwahi kutwaa ubingwa wa Ujerumani hata siku moja. Watani wao waliwacheka kwa kuishia nafasi ya pili. Kocha Xabi Alonso akamweka katikati, mipira yote ipitie mguu wake wa kushoto. Tarehe 14 Aprili 2024 wakaifunga Werder Bremen tano bila wakawa mabingwa, na bao moja lilikuwa lake, shuti la mbali. Ligi nzima hawakufungwa: mechi 34, ushindi 28, sare sita. Mechi pekee waliyopoteza msimu ule katika mashindano yote ni fainali ya Ligi ya Europa, Dublin, Atalanta wakiwachapa tatu. Siku tatu baadaye walikuwa Berlin kwenye fainali ya Kombe la Ujerumani na Kaiserslautern, na dakika ya 17 Xhaka akaachia kombora kutoka nje ya boksi. Wakamaliza wakiwa kumi uwanjani, bao likabaki hilo hilo. Nilipiga kelele hadi jirani akabisha hodi.

Na huko Uswisi, tangu 2023 hakuna aliyeichezea timu ya taifa mechi nyingi kumzidi. Mwaka 2025 akarudi Uingereza, Sunderland, na huko nako wakamvisha kitambaa.

Kwa hiyo siwezi kukuambia baki, na siwezi kukuambia ondoka, mpaka unijibu haya. Tangu kile kikao, yupo mkubwa yeyote aliyekuita faragha akakuambia anakuhitaji kwa kazi gani? Namaanisha kazi yenyewe, si pole za kwenye korido. Yule aliyekuvua cheo bado ndiye anayekupangia kazi? Na unayo barua ya kuajiriwa kutoka mahali pengine, hata kama mshahara ni pungufu kidogo?

Kama jibu la swali la kwanza ni hapana na la pili ni ndiyo, anza leo kutafuta kwingine, ila barua ya kuacha kazi usiipeleke kabla hujapata ya kuajiriwa. Kodi ya nyumba haijui aibu. Kama yupo aliyekuita, mpe miezi michache, na mwambie wazi kuwa ni michache.

Nipigie Jumapili baada ya mechi. Mama yako anasema usisubiri mechi, umpigie yeye kwanza.

Baba yako