Kabla ya kuiga usajili wa makurutu kwenye kompyuta

Mradi wangu wa chuo hapa Kisumu ulikuwa na swali moja: tija ya afisa anayesajili wanajeshi inakwama wapi? Siku hiyo hiyo nikafungua SimPy, zana ya Python ya kuiga foleni kwenye kompyuta, nikajaza namba za kukisia. Miezi miwili ikapotea. Usianzie hapo.

Anzia kwa watu. Lakini usisimame uwanjani ukinakili shughuli za wanajeshi bila ruhusa. Mimi niliwasubiri vijana wa mtaani kwetu waliokwenda kusajiliwa warudi jioni, nikawauliza saa zao. Mmoja alifika saa kumi na moja alfajiri, vyeti vyake kwenye bahasha ya kaki. Alipimwa urefu, akakimbia, akakaguliwa meno. Saa nane mchana alikuwa bado anamngoja daktari. Jibu lake hilo lilinifanya nifute modeli yote.

Shida yangu ilikuwa wastani. Chukua daktari anayemaliza mtu mmoja kwa wastani wa dakika 9, na vijana wanaomfikia kila dakika 10 kwa wastani. Kwenye karatasi, daktari anabaki na dakika nzima ya kupumua. Ruhusu nyakati zote mbili zibadilike kwa mgawanyo wa eksponensha (muda mfupi hutokea mara nyingi, mrefu mara chache), uache programu iende muda mrefu: kwa wastani kijana atangoja kama dakika 81 kabla ya kuitwa. Nilidhani nimekosea kuandika programu. Nikapiga hesabu kwa kalamu, ikatoka vilevile.

Tena, usiazime modeli ya Marekani ilivyo. Kule uandikishaji wa lazima ulikoma 1973, hivyo afisa ndiye huwatafuta vijana: simu, shule, mahojiano, kisha ASVAB, mtihani wa uwezo wa kujiunga na jeshi, na uchunguzi wa afya. Modeli yake lazima ihesabu wanaoishia njiani. Kwetu vijana hujileta, na uwanja hujaa kabla ya jua kuchomoza, kwa hiyo iga siku moja yenye mwanzo na mwisho. Iendeshe mara mia kadhaa, kila mara kwa namba nasibu mpya. Jibu la mara moja ni bahati tu.

Kwenye modeli yangu mpya niliongeza maafisa wawili pa kukagua vyeti. Waliomaliza siku hawakuongezeka, walirundikana tu mlangoni pa daktari. Nilipoongeza daktari wa pili, foleni ikaisha mapema alasiri. Nilimwonyesha yule kijana mchoro wa foleni ya kwanza. Akaweka kidole pale kwenye saa nane, akasema, "Hapa ndipo nilipokuwa nimekaa."