Maswali ya Wasomaji: Haiku Juu, Habari Chini

Toleo lililopita tulichapisha haiku moja, yaani shairi fupi la Kijapani la mistari mitatu yenye mizani (silabi) tano, saba, tano, chini yake tukaweka mistari michache kuhusu Juni 12, 2025, ile siku Waziri wa Fedha alisoma bajeti ya shilingi trilioni 56.49 hapa Dodoma. Kwa ambao hawakuiona:

*Pepo za Juni*
*shuka halimtoshi*
*mchunga mbuzi*

Basi meseji zikamiminika, wengine wanasifia, wengine wanauliza kama tumeishiwa cha kuandika. Nimechukua chache.

"Mambo vipi. Niko Nkuhungu, na mimi nimejaribu, yangu nimeifunga na habari ya mgao wa maji mtaani kwetu. *Ule mbuyu / wanyonya maji yetu / sisi na kiu.* Washkaji wameipenda kinoma ila mmoja kasema hii sio haiku ni kijembe. Nani yuko sahihi?"

Mshkaji wako yuko sahihi, ila asikuvunje moyo maana mizani umepatia yote, tano, saba, tano. Shida ni huo mbuyu. Ukiusoma tu unajua hapo hakuna mti, kuna bwana mkubwa mmoja kavalishwa magome, na msomaji akishamgundua ni nani shairi limeisha, hana sababu ya kurudi tena. Sisi Waswahili mafumbo tumezaliwa nayo na sisemi uyaache, kwenye shairi la vina fumbo ni utamu, lakini haiku inataka mti uwe mti kwanza, kiatu kiwe kiatu, habari ikae pembeni yake na msomaji mwenyewe aone zinagusana wapi, asipoona basi, si lazima.

Halafu mbuyu wako ni wa mwezi gani? Wajapani ambao mtindo ni wao wana maneno ya msimu wanayaita kigo, wameyakusanya mpaka kwenye vitabu vinene, ukisema neno moja mtu anajua ni majira gani ya mwaka. Mbuyu peke yake haukupi hiyo, upo pale miezi 12. Ila mbuyu unatoa majani kabla mvua haijaanza, si umeona, kila kitu kimekauka kahawia wenyewe unachipua kwa maji uliyoyatunza kwenye shina. Maua nayo ni meupe, yanafunguka jioni, popo wanayafuata usiku, kesho yake yanaanza kunyauka. Hapo sasa una msimu. Mimi ningeenda hivi:

*Mvua hamna*
*mbuyu wachipua*
*ndoo foleni*

Hakuna aliyeshutumiwa hapo. Shutuma zote zipeleke chini kwenye maelezo, na huko usizungushe: maji yalitakiwa yatoke siku gani, yalitoka lini, dumu la lita 20 mtu wa toroli anauza bei gani mtaani kwenu, nani aliahidi nini kwenye mkutano gani. Wengi wanafanya kinyume, haiku inapiga kelele za siasa na maelezo ndio yanaongea kishairi oh machozi ya ardhi sijui nini, mtu anamaliza kusoma hajui hata kilichotokea. (Na machozi ya ardhi jamani tuyapumzishe, kila wiki napokea.)

"Mbukwenyi. Mimi ni mzee wa Mvumi. Ninyi vijana mnahangaika na mambo ya Japani wakati Dodoma hii imetoa malenga wa ngonjera, Mnyampala. Ngonjera zilikuwa za siasa na kila mtu alizielewa. Haiku ya nini?"

Shikamoo babu. Swali lako limenikaa kichwani wiki nzima kwa sababu hoja unayo. Mathias Mnyampala, mzaliwa wa hapahapa Dodoma mwaka 1917, ndiye aliyezipa ngonjera nguvu, na baada ya Azimio la Arusha la 1967 zikaimbwa mashuleni na kwenye mikutano, watu wawili wanabishana kwa beti, mmoja hajui siasa ya Ujamaa mwingine anamwelewesha mpaka anakubali. Ndiyo kazi ya ngonjera, kubishana mpaka mshindi apatikane. Sasa kuna habari ambayo mimi sitaki kushinda mtu, nataka tu ibaki kwamba siku ile bunge lilipokuwa linasema hivi, huku nje hali ya hewa ilikuwa hivi na watu walikuwa wanafanya hivi. Ngonjera hainipi nafasi hiyo, beti zake lazima ziende mahali.

Na babu wewe ndiye unayejua zaidi yangu kwamba Ugogo hali ya hewa na serikali havijawahi kukaa mbalimbali. Mtunya, ile njaa kubwa iliyoanza 1917 ikaenda mpaka 1920, ukimuuliza mtu atakwambia ukame. Kweli mvua ilikatika, lakini kabla ya hapo jeshi la Wajerumani na baadaye la Waingereza walipita wakachukua ng'ombe, nafaka, na wanaume wa kubeba mizigo ya Vita Kuu ya Kwanza, kwa hiyo ukame ulipokuja ukakuta maghala matupu na mashamba hayana watu. Mtu akiandika mawingu tu bila jeshi kaacha nusu ya habari, akiandika jeshi tu bila mawingu vilevile. Mimi naweka vyote viwili karatasi moja. Hata kuchanganya maelezo na haiku hatukuanza sisi, inaitwa haibun, mshairi wa Kijapani Bashō aliandika hivyo karne ya 17 akiwa safarini kwa miguu.

Ila ukinitumia ngonjera babu nachapisha, tena nafasi kubwa.

"Habari dada mhariri, mimi nafanya kazi ofisi moja pale Mtumba, mji wa serikali. Napenda sana huu mtindo lakini tangu uchaguzi wa Oktoba 29, 2025 naogopa hata kuposti picha ya mawingu watu wataitafsiri. Haiku si ina usalama zaidi kwa sababu haitaji mtu?"

Mdogo wangu sitakudanganya, hapana. Mwaka 1940 huko Japani serikali ilikamata washairi wa haiku wa jarida moja la Kyoto, haiku hizi hizi za mistari mitatu, kwa sababu hawakufuata mtindo uliotakiwa na waligusa vita. Na kabla ya hapo, Masaoka Shiki aliyeipa haiku jina lake la leo alikuwa mwajiriwa wa gazeti la Nippon, ukurasa mmoja haiku ukurasa mwingine siasa, na gazeti hilo lilifungiwa mara kadhaa. Ufupi haumkingi mtu.

Kwetu kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 na kifungu chake cha taarifa za uongo, kwa hiyo kwenye maelezo andika ulichokiona kwa macho yako au kilichotangazwa rasmi, umesikia kwenye grupu la WhatsApp acha hukohuko. Na kama hutaki kuposti usiposti, daftari lipo, andika tarehe juu. Hii uliyotuma ya mvua za kwanza mimi nimeipenda mno na naitoa bila jina lako wala idara:

*Taa ya geti*
*mlinzi na kofia*
*ya kumbikumbi*

Maelezo yako ya chini sikuyachapisha, kama tulivyokubaliana.

"Mimi nipo Dar, nimeandika haiku ya vuli Dodoma, mbona mmeirudisha?"

Kwa sababu Dodoma haina vuli kaka. Huku mvua ni msimu mmoja, inaanza Novemba au Desemba mpaka Aprili hivi. Kuanzia Mei ni kukavu, Juni na Julai upepo na baridi, Septemba na Oktoba vumbi. Bunge la bajeti linaanza Aprili mvua zinaisha, linakwisha Juni watu wanapura uwele na mtama, ndio maana haiku ya bajeti ikiwa na mvua kubwa tunaitilia shaka. Zabibu ndio zina misimu miwili, Februari na Machi halafu Agosti na Septemba, hizo zitumie utakavyo. Tutumie nyingine.

"Nafundisha Kiswahili Kongwa. Wanafunzi wanabishana, *mvua* ni mizani mingapi?"

Miwili mwalimu, mvu-a. *Mbuyu* mitatu, m-bu-yu, *mtu* miwili, *nchi* miwili, sawasawa na kwenye shairi la kawaida la mizani nane nane. Kiswahili kinaikubali haiku kirahisi kwa sababu silabi zetu nyingi zinaishia na irabu kama zao, Waingereza ndio wanapata tabu. Mtoto akikuletea mstari wa kati una nane mwambie apunguze moja, kawaida kuna neno "sana" mahali linasubiri kukatwa.